Kujenga Mazoezi ya Kila Siku ya Kriya Yoga: Mwongozo wa Pumzi, Umakini na Ukimya

Wengi wanaovutiwa na kriya yoga huanzia mwisho. Huitafuta mbinu kuu ya kupandisha na kushusha nguvu ya uhai katika uti wa mgongo, huijaribu kwa bidii siku chache, kisha huacha, kwa kuwa mwili haujazoea kukaa, pumzi haijazoea kutulia, na akili haijawahi kufundishwa kubaki mahali pamoja hata kwa dakika mbili. Mwongozo huu unashughulikia yale yanayotangulia: mkao, mwili uliolegea, pumzi ya polepole isiyolazimishwa, umakini juu ya pumzi ya asili, na ukimya unaofuata baada ya hayo yote. Anayeyafanya haya asubuhi na jioni ana mazoezi yanayojitosheleza hata kabla ya kupokea kriya yenyewe, na siku atakapoipokea hatakuwa na haja ya kurudi nyuma kujifunza kukaa.

Kriya inayozungumzwa hapa

Katika Yoga Sutra za Patanjali, kitabu cha kale cha India kuhusu yoga, mwanzoni kabisa mwa sura ya pili, kriya yoga imeelezwa kuwa ni mambo matatu: nidhamu ya nafsi, kujisomea na kujichunguza, na kujikabidhi kwa Mungu. Huo ni mwenendo wa maisha mazima, na hakuna zoezi la pumzi linaloweza kuchukua nafasi yake. Kriya inayofundishwa leo katika nchi nyingi, ambayo ni utaratibu maalumu wa pumzi na umakini, inatokana na Lahiri Mahasaya (1828–1895), aliyeishi Varanasi nchini India. Kwa mujibu wa mapokeo ya njia hiyo, aliipokea mwaka 1861 kutoka kwa Babaji, mwalimu wake wa kiroho, karibu na Ranikhet, kwenye milima ya Himalaya. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Swami Sri Yukteswar (1855–1936), aliyemfundisha Paramahansa Yogananda (1893–1952), ambaye mwaka 1920 alikwenda Marekani na kuieneza huko.

Lahiri Mahasaya hakuwa mtawa. Alikuwa mhasibu katika idara ya uhandisi wa kijeshi ya serikali ya Kiingereza nchini India, mwenye mke na watoto, akitoka kwenda kazini na kurudi kama watu wengine. Nalitaja hili kwa sababu swali la kwanza la wanaoanza huwa ni kama mtu mwenye ajira na familia anaweza kufanya mazoezi haya ipasavyo. Njia yenyewe ilienezwa na mtu wa namna hiyo, kwa watu wa namna hiyo, na ndiyo maana imepangwa kwa vipindi vya asubuhi na jioni badala ya kumtaka mtu aache shughuli zake.

Mbinu ya kriya pranayama yenyewe hutolewa kwa diksha, yaani kupokelewa rasmi na mwalimu aliyeruhusiwa kufundisha. Kwa maelezo ya jumla, mwanafunzi hupitisha umakini na nguvu ya uhai juu na chini katika vituo sita vya uti wa mgongo, sambamba na pumzi. Undani wake sitauandika hapa. Wanaoupokea huahidi kutoutoa ovyo, na tena urefu wa pumzi, njia ya umakini na idadi ya marudio hupangwa na mwalimu kwa kumtazama mwanafunzi aliye mbele yake. Maandishi hayawezi kumwona mtu akikaza taya au akibana koo.

Wakati na mahali

Chagua nyakati mbili za siku na uzishike. Alfajiri kabla ya shughuli kuanza na jioni baada ya kazi ndizo zinazopendekezwa tangu zamani, na sababu yake inaeleweka: nyumba imetulia, tumbo ni tupu au karibu tupu, na simu hazijaanza au zimepungua. Baada ya mlo mkubwa subiri kama saa tatu, kwa sababu tumbo lililojaa hukizuia kiwambo (ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo) kushuka na huleta usingizi. Baada ya kitu chepesi, saa moja inatosha. Kama unaweza kutenga wakati mmoja tu, chukua asubuhi, maana jioni huliwa na dharura nyingi.

Mahali pawe pamoja kila siku, hata kama ni pembe ya chumba cha kulala. Pawe na hewa ya kutosha na pasiwe na baridi kali, kwa kuwa mwili uliotulia hupoteza joto upesi. Shuka au blanketi jepesi mabegani husaidia. Simu ikae chumba kingine. Ukiihitaji kwa ajili ya kengele ya muda, izimie sauti na mtandao, kisha uigeuze kifudifudi nyuma yako, mahali ambapo mkono haufiki.

Mkao

Hakuna haja ya kukunja miguu sakafuni. Kiti cha kawaida kisicho na mikono kinafaa kabisa, na kwa watu wengi wazima ndicho bora. Kaa nusu ya mbele ya kiti, mgongo usiguse egemeo. Nyayo zote mbili zikanyage sakafu, na mapaja yawe usawa au yateremke kidogo kuelekea magoti. Kama miguu inaning’inia, weka mto au ubao chini yake. Anayekaa sakafuni aweke mto mgumu chini ya makalio, wa kutosha kuyafanya magoti yawe chini ya nyonga. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kiuno kitarudi nyuma na mgongo utapinda ndani ya dakika chache, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Sasa tafuta mifupa miwili ya kukalia. Yumba taratibu mbele na nyuma mpaka uhisi uzito wote umetua juu yake, wala si nyuma yake. Hapo kiuno hupata mpindo wake wa asili, na mgongo husimama bila kushikiliwa. Inua kifua kidogo, vuta mabega juu, yarudishe nyuma, kisha yaache yadondoke. Kidevu kiwe sambamba na sakafu. Viganja viangalie juu, vikae pale mapaja yanapokutana na tumbo. Hapo mikono huwa haiyavuti mabega mbele. Ulimi ulegee, meno ya juu na ya chini yasigusane.

Patanjali anautaka mkao uwe na mambo mawili kwa pamoja: uimara na raha. Kaa hivyo dakika moja ukijichunguza. Ukiona misuli ya mgongo wa chini inafanya kazi, umejikaza mno. Ukiona kifua kimezama na pumzi imekuwa fupi, umelegea mno. Marekebisho huwa madogo sana, pengine upana wa kidole, lakini yana uzito mkubwa kuliko lolote litakalofuata.

Kuulegeza mwili

Mwili uliobeba mikazo ya siku nzima hautulizwi kwa kuamriwa. Njia fupi ni kuukaza kwa makusudi ili ujue tofauti. Vuta pumzi kwa pua, kaza mwili wote kuanzia vidole vya miguu hadi uso, shikilia kama sekunde tano kwa nguvu ya wastani, kisha toa pumzi kwa nguvu kupitia mdomo na uachie kila kitu kwa mara moja. Rudia mara tatu. Baada ya hapo kaza na kulegeza sehemu moja moja: miguu, mapaja, makalio, tumbo, mikono, mabega, shingo, uso. Yogananda alianza kubuni mfululizo mzima wa mazoezi ya namna hii mwaka 1916, na mafundisho yake yanayaweka kabla ya kipindi cha kukaa. Mwenye shinikizo kubwa la damu asikaze kwa nguvu wala asizuie pumzi. Atikise tu mikono na miguu na kuzungusha mabega.

Usiruke sehemu ya uso. Watu wengi hukaa wakiwa wamelegeza kila kitu isipokuwa paji la uso, na baada ya dakika kumi huanza kulalamika kichwa kinauma, wakidhani ni nguvu za kiroho.

Pumzi

Jifunze kwanza ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa, kiganja kimoja juu ya kitovu na kingine kifuani. Unapovuta pumzi, kiganja cha tumboni kinyanyuke; cha kifuani kibaki karibu palepale. Kinachotokea ni kwamba kiwambo kinashuka na kulisukuma tumbo nje. Anayepumua kwa kifua cha juu tu hutumia misuli ya shingo na mabega kwa kazi isiyo yake. Siku chache za kulala hivi dakika tano kabla ya usingizi zinatosha kwa wengi. Kisha uhamishie pumzi hiyo hiyo kwenye mkao wa kukaa, ambapo mbavu za pembeni nazo zitapanuka.

Pumua kwa pua wakati wote. Pua huchuja hewa, huipasha joto na kuipa unyevu, na wembamba wake hupunguza mwendo wa pumzi bila juhudi yoyote.

Hatua ya kwanza ya pumzi ni kusawazisha. Hesabu polepole hadi nne unapovuta, na hadi nne unapotoa, bila kusimama katikati na bila kujaza mapafu mpaka mwisho. Theluthi mbili za uwezo wako zinatosha. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, kisha nenda tano kwa tano. Ikiwa kila hesabu ni sekunde moja, hapo unapumua mara sita kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua kati ya mara 12 na 20. Ukipenda, vuta kwa nne na utoe kwa sita. Idadi kwa dakika ni ileile, na wenye wasiwasi mwingi hupenda pumzi ndefu ya kutoa.

Mwendo huu una kazi yake mwilini. Tunapovuta pumzi, mapigo ya moyo huongezeka kidogo. Tunapotoa, hupungua, na kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na neva ya vagasi, neva ndefu inayotoka ubongoni hadi moyoni na tumboni. Pumzi ya polepole huikuza tofauti hiyo, na kwa watu wengi hufikia kilele karibu na pumzi sita kwa dakika. Ndipo mtu huhisi mikono ikipata joto, mate yakirudi mdomoni na mawazo yakipungua kasi. Patanjali naye, katika sura ya kwanza, anaitaja pumzi isiyo na utaratibu miongoni mwa dalili za akili iliyotawanyika, na mistari michache baadaye anautaja utoaji wa pumzi kuwa mojawapo ya njia za kuituliza. Mwili na akili vinasomana, na pumzi ni mahali ambapo mtu anaweza kuingilia kati kwa hiari.

Kosa linaloharibu hatua hii ni tamaa. Mtu hupumua polepole lakini kwa kina kupita kiasi, akijaza na kumwaga mapafu yote kila mara. Matokeo yake hutoa kaboni dioksaidi nyingi mno, mishipa ya damu ya ubongoni hubana, na hupata kizunguzungu, ganzi kwenye vidole na mchonyoto kuzunguka midomo. Baadhi hufurahia hali hiyo wakidhani wameanza kuamka. Ni ishara ya kupumua kupita kiasi. Ikikutokea, acha hesabu, pumua kawaida mpaka ipite, na kesho yake punguza kiasi cha hewa. Na ukijikuta una njaa ya hewa, yaani pumzi ya kuvuta inakuja kwa pupa, basi hesabu yako ni ndefu kuliko uwezo wako wa sasa. Rudi nyuma hatua moja bila kuona aibu.

Pumzi ya kupokezana

Baada ya wiki mbili au tatu za kusawazisha, ongeza nadi shodhana, yaani pumzi ya kupokezana kati ya tundu mbili za pua. Kunja kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia kuelekea kiganjani. Dole gumba litaziba tundu la kulia, kidole cha pete kitaziba la kushoto. Ziba kulia, vuta kwa kushoto. Ziba kushoto, toa kwa kulia. Vuta kwa kulia. Ziba kulia, toa kwa kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya sita, kwa hesabu ileile uliyoizoea, kisha shusha mkono na upumue kwa tundu zote mbili.

Bonyeza kwa ncha ya kidole tu, pale ambapo mfupa wa pua unaishia na sehemu laini inaanzia, na kwa wepesi wa kutosha kuziba bila kuipinda pua. Kiwiko kisibanwe ubavuni wala kisinyanyuliwe juu. Kikichoka, kishikilie kwa kiganja cha kushoto. Kwa kawaida tundu moja huwa wazi zaidi kuliko jingine, na hubadilishana kwa muda wa saa kadhaa, kwa hiyo usishangae pande kutokuwa sawa. Ukiwa na mafua, acha zoezi hili mpaka yapite.

Kuhusu kuzuia pumzi, msimamo wangu ni thabiti: anayejifunza peke yake asizuie, isipokuwa zile sekunde tano za kukaza mwili. Mazoezi ya kushikilia pumzi kwa muda mrefu, pamoja na yale ya kupuliza kwa kasi kama kapalabhati na bhastrika, yana nafasi yake mbele ya mwalimu, lakini hayahitajiki ili kufika kwenye utulivu tunaoutafuta, na ndiyo yanayoumiza watu.

Umakini: kuitazama pumzi ijiendeshe

Hadi hapa ulikuwa ukiiongoza pumzi. Sasa unaiachia, na hapa ndipo kazi yenyewe ya kriya inapoanza kuandaliwa. Mbinu inayotumika sana katika njia ya Yogananda ni Hong-Sau: pumzi inapoingia yenyewe, sema moyoni “hong”, inapotoka yenyewe, sema moyoni “sau”, ukiitamka karibu na “soo” yenye “o” ndefu. Midomo haisogei, ulimi hausogei. Macho yamefumbwa, na mtazamo umeinuliwa kwa upole kuelekea katikati ya nyusi, kana kwamba unatazama kilele cha mlima kilicho mbali. Usiyavute macho yakutane. Yakianza kuuma au kutetemeka, yaache yashuke, maana umakini unakaa katikati ya nyusi hata macho yakiwa yamepumzika.

Ugumu wa kwanza huja mara moja: ukianza tu kuitazama pumzi, inaacha kuwa ya asili. Unajikuta unaivuta ili upate kusema “hong”. Karibu kila mtu hupitia hali hii, na njia ya kutoka ipo. Toa pumzi yote taratibu, kisha usifanye lolote. Subiri. Baada ya muda mfupi mwili utavuta wenyewe, na utahisi wazi kwamba hukuhusika. Fuatisha neno baada ya pumzi kuanza, wala si kabla. Neno likitangulia, wewe ndiye unayeendesha. Likifuata nyuma kidogo, wewe ni mtazamaji. Rudia hivyo kila unapoona umeshika usukani tena.

Mahali pa kuihisi pumzi hubadilika kadiri unavyotulia. Mwanzoni ifuate pale inapoonekana zaidi, kwenye kupanda na kushuka kwa kifua na tumbo. Kisha ipandishe hadi kwenye mlango wa pua, ambapo hewa inayoingia ni ya ubaridi na inayotoka ina joto. Mwishowe ihisi juu zaidi ndani ya pua, karibu na mzizi wake kati ya macho. Hapo tofauti ya ubaridi na joto huwa ndogo sana, na ili kuihisi akili hulazimika kuacha mambo mengine. Usiharakishe kupanda. Ukipotea, rudi kwenye mlango wa pua.

Utaona kwamba kati ya pumzi na pumzi pana nafasi ambapo hakuna kinachoingia wala kutoka. Usiirefushe kwa makusudi na usiiogope. Itarefuka yenyewe mwili unapokuwa hauhitaji hewa nyingi, na katika nafasi hiyo akili huwa wazi na macho bila kazi ya kufanya. Wengi huistukia, huvuta pumzi kwa ghafla, na kuivunja. Ikitokea, ni sawa. Endelea na “hong” inayofuata.

Akili itaondoka. Itakwenda kwenye mazungumzo ya jana, kwenye kazi ya kesho, kwenye wimbo. Hakuna mtu anayekaa bila hilo, na katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, shujaa Arjuna mwenyewe analalamika kwamba akili ni ngumu kuizuia kama upepo, naye Krishna, mwalimu wake, anakubali ugumu huo kabla ya kumwambia kwamba mazoezi na kutong’ang’ania ndiyo dawa. Ukigundua umeondoka, usijikemee na usichunguze ulikuwa wapi. Rudi kwenye pumzi iliyopo. Kule kugundua ndiko zoezi lenyewe. Kipindi chenye kuondoka mara nyingi na kurudi mara nyingi kimefanya kazi kubwa kuliko kipindi cha kusinzia kwa amani.

Ukimya unaofuata

Muda uliojipangia ukiisha, usinyanyuke. Toa pumzi mara tatu kwa ukamilifu, acha neno, acha kuitazama pumzi, na kaa. Mbinu zote zilikuwa zinakuleta hapa. Umakini ubaki katikati ya nyusi au moyoni, bila kutafuta picha wala sauti. Anayeomba aombe sasa kwa maneno yake au kwa kimya chake, kwa mujibu wa imani yake. Asiyeomba akae tu na utulivu uliopatikana, au awatakie wengine heri mmoja mmoja kwa majina.

Nasikitika kila ninapomwona mtu mwenye bidii akikata sehemu hii kwa sababu ya haraka. Akiwa na dakika ishirini, hutumia zote kwenye mbinu, kisha huruka na kushika simu. Afadhali apunguze mizunguko ya pumzi na kubakiza angalau robo ya kipindi kwa ukimya. Unapomaliza, sogeza vidole kwanza, kisha mabega, fumbua macho ukitazama chini, na ukae nusu dakika kabla ya kusimama. Jaribu kufanya shughuli ya kwanza baada ya kipindi, hata kama ni kutandika kitanda, kwa mwendo uleule wa pumzi.

Ratiba ya miezi mitatu ya mwanzo

Wiki mbili za kwanza kaa mara moja kwa siku, dakika 12: mbili za kulegeza mwili, tatu za pumzi sawia, nne za Hong-Sau na tatu za ukimya. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita ongeza nadi shodhana na ufike dakika 20, ambapo Hong-Sau ipewe nane na ukimya tano. Katika mwezi wa pili anza kipindi cha jioni, hata kama ni kifupi. Mwezi wa tatu vipindi vyote viwili viwe karibu dakika 30, na siku moja ya juma, unapokuwa na nafasi, kaa kwa saa nzima, sehemu kubwa ikiwa ni kutazama pumzi na kukaa kimya. Kipindi hicho kirefu hufungua kitu ambacho vipindi vifupi havifiki, kwa sababu akili nyingi huhitaji nusu saa nzima ili kuacha kulalamika.

Siku ya uchovu mkubwa usiache kabisa. Kaa dakika tano mahali palepale, saa ileile. Siku iliyopita bila mazoezi usiilipe kwa kuongeza mara mbili kesho yake. Patanjali anasema mazoezi huwa na msingi imara yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatika na kwa moyo, na katika masharti hayo matatu sijaona mahali panapotajwa wingi wa dakika.

Weka daftari. Andika tarehe, muda, na sentensi moja kuhusu hali ya pumzi, kwa mfano “fupi na ya kifuani” au “ilitulia baada ya muda”. Usiandike maono. Baada ya miezi michache daftari litakuonyesha jinsi usingizi mdogo, ugomvi au mlo wa usiku vinavyoonekana kwenye pumzi ya asubuhi, na hapo utakuwa na sababu yako mwenyewe ya kurekebisha mwenendo.

Vikwazo na tahadhari

Usingizi ukija, angalia kwanza kama unalala vya kutosha. Kama unalala vya kutosha, inua mtazamo, nyoosha mgongo, na urudie kukaza na kulegeza mwili. Mguu ukifa ganzi, usogeze. Ushujaa wa kuvumilia maumivu ya goti hauna faida. Mwasho na msisimko mdogo wa ngozi uache upite. Kuna pia majuma makavu, ambapo hakuna ladha yoyote na mtu hujiona amerudi alipoanza. Wakati huo punguza matarajio na ushike ratiba.

Wakati mwingine ukimya huleta huzuni ya zamani, machozi au hofu. Machozi yanayopita na kuacha wepesi hayana neno. Lakini hofu inayoongezeka siku hadi siku, kukosa usingizi, au kujihisi umetengana na mwili au na ulimwengu, hizo ni sababu za kusimamisha mazoezi, kutembea, kula vizuri na kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Mwenye historia ya ugonjwa wa akili unaohusisha kusikia au kuona visivyokuwapo asianze vipindi virefu bila ushauri wa daktari wake. Vilevile wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kifafa au ugonjwa wa macho wa glakoma wabaki kwenye pumzi nyepesi isiyozuiwa na wamwambie daktari wanachofanya. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu na asilazimishe pumzi ndefu.

Kumtafuta mwalimu

Miezi mitatu au zaidi ya mazoezi haya ikipita, na ukiona bado unataka kuendelea, ndipo swali la diksha linapofaa. Kuna matawi kadhaa yanayotokana na Lahiri Mahasaya, na mbinu zao hutofautiana katika undani. Soma historia ya tawi, zungumza na watu walioko humo kwa muda mrefu, na utazame jinsi wanavyoishi. Mwalimu anayekutaka ujiandae kwanza anakuheshimu; shirika alilolianzisha Yogananda, kwa mfano, humtaka mwanafunzi apitie masomo ya miezi kadhaa kabla ya kupewa kriya. Jihadhari na yule anayeahidi nguvu za ajabu kwa muda mfupi, anayetaka fedha zitolewe kwa siri, anayekutenga na ndugu na marafiki, au anayetaka ukaribu wa kimwili kwa jina la mafundisho. Mtu wa namna hiyo mwache siku hiyohiyo.

Ukishapokelewa, fuata maelekezo ya tawi moja na usiyachanganye na ya jingine. Anza na idadi ndogo ya kriya uliyopewa, hata kama unahisi unaweza zaidi, na usiipandishe bila ruhusa. Kulegeza mwili, pumzi sawia na Hong-Sau viendelee kutangulia kriya pale mwalimu wako anaporuhusu, na muda wa ukimya baada yake uurefushe kadiri kriya zinavyoongezeka.